Picha ya Marwa Akiwa Usingizini

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, mtaa wetu wa Nyamisangura wote tope. Wiki ya saba ya ndoa yangu, na leo ndiyo mara ya kwanza mume wangu amekula bila kuniangalia.

Nampenda Marwa, jamani. Akirudi na vumbi la duara, shimo lao la dhahabu, hadi masikioni, bado namwona kama siku ile kanisani.

Lile tangazo la kampuni ya mgodi kwenye televisheni mnalijua: mchimbaji anarudi nyumbani, mkewe anamnawisha mikono, dhahabu inang'aa kiganjani. Hakuna anayesema neno. Nikiwa mchumba nililia kila lilipopita kabla ya taarifa ya habari. Ni zuri, siwezi kudanganya. Ndiyo maana linaniuma: kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyozungushia uzio maduara ya kina Marwa.

Wachimbaji wakaanza kupinga mtandaoni. Tangazo likiwekwa, wanajaza chini yake picha za viganja vyao vitupu. Mimi nikaona ninayo kali zaidi. Marwa alikuwa amefukuzwa uzioni, akalala sakafuni na viatu vyake, mdomo wazi, machozi yamechora mistari kwenye vumbi la uso. Nikampiga picha. Nikaiweka chini ya tangazo, nikaandika, "Mchimbaji wa tangazo lenu ni huyu."

Sikumuuliza.

Picha ikafika Sirari mpakani, ikavuka hadi Isebania, upande wa Kenya. Watu wa mbali, wasiojua hata duara, wakaifanya kichekesho. "Huyo kalewa gongo!" "Dada, mfunike mumeo, inzi wataingia."

Lakini kampuni ikaondoa tangazo, ikakubali kuwasikiliza wachimbaji. Jana Mwita, anayechimba pamoja na Marwa, alikuja hadi mlangoni. "Shemeji, usiifute. Hatuna silaha nyingine."

Marwa alingoja aondoke.

"Mama hajawahi kuniona nikilia, Ghati. Sasa kaniona pamoja na Kenya nzima."

Mchana huu nimeifuta. Mwita ameniandikia kwamba nimewauza. Na waliokwisha kuihifadhi wanaendelea kucheka, kwa hiyo sijui hata nimemwokoa nani.

Kampuni iliigiza mapenzi ili ijipambe. Mimi nilitoa ya kweli, ya chumbani kwangu. Angalau wao walimwomba ruhusa mwigizaji wao.

Kesho wachimbaji wanakutana na kampuni langoni. Nitakwenda, nisimame mbele. Anayetaka picha apige yangu, nikiwa macho.