Maelezo ya Verna Tolvanen Kuhusu Anayejibu Barua Zake

KITUO CHA POLISI, KETTLE HARBOR, MINNESOTA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verna Tolvanen. Umri: miaka 59. Kazi: fundi wa makochi, mwenye duka. Makazi: Mtaa wa Spruce, juu ya duka.

Naeleza haya kwa hiari yangu mbele ya Sajenti Odegard.

Nilipofungua duka, Arvid wa kanisani kwetu alinishauri jina la tovuti nilinunue kwa kampuni moja na barua pepe niiweke kampuni nyingine. Nilimwambia sina kichwa cha kukumbuka nywila za kampuni mbili. Nikaweka vyote mahali pamoja, palipokuwa rahisi. Walipotaka barua pepe ya kunitambulisha nikikwama, nikawapa hiyohiyo ya duka. Nilijiona mjanja.

Binti yangu Annika aliondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita. Tuligombana, na kosa lilikuwa langu zaidi. Alibadili simu, lakini mara mojamoja aliandika kwenye barua pepe ya duka. Mnamo tarehe 2 Septemba aliandika kwamba anafikiria kurudi, atanijulisha siku. Nilimjibu aje.

Wiki iliyofuata barua pepe ilizimika. Kadi yangu ya benki ilikuwa imekwisha muda, na taarifa za kulipia nilizifuta zote. Wewe mwenyewe, Sajenti, ulitufundisha pale maktaba kwamba taarifa za namna hiyo ni za matapeli. Sikulaumu. Nyingi zilikuwa za matapeli kweli.

Nilipiga simu kwenye kampuni. Kijana akasema, “Tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye barua pepe yako, mama.”

“Barua pepe hiyo ndiyo mliyoizima.”

“Nakuelewa, mama. Ila namba inatumwa huko tu.”

Nilitaka kuwaonyesha leseni yangu ya udereva. Wakasema niitume kwa barua pepe ileile. Hata kulipa sikuruhusiwa mpaka nithibitishe kwamba mimi ni mimi. Nilizungushwa hivyo mpaka katikati ya Oktoba, wakaniambia jina la tovuti, ambalo ndilo lililo kwenye anwani ya barua pepe yangu, limeshauzwa kwa mtu mwingine. Anwani ya Annika ilikuwa humohumo ndani, sikuwa nimeiandika popote.

Tarehe 17 Oktoba mteja wangu Gudrun alikuja dukani akicheka. “Verna, tangu lini unaomba vocha za zawadi? Kochi langu utalishonea vocha?” Alikuwa ameniandikia kuuliza kitambaa, akajibiwa kwa jina langu kwamba atume namba za vocha, ambazo ni sawa na fedha taslimu. Nikamwaza Annika. Gudrun alidhani nawaza kochi.

Leo tarehe 23, saa nne asubuhi, simu ya dukani iliita, namba imefichwa. Alikuwa Annika.

“Mama, namba za zile vocha ulizipata? Zimebaki mbili, nitazinunua Ijumaa. Nauliza tu kama sasa naweza kuja.”

Nikasema, “Annika, mimi sijakuandikia kitu.”

Kisha akasema, “Sawa, mama. Nimeelewa.” Akakata.

Nilikuwa nataka kumwambia kuna tapeli. Maneno yale ndiyo yaliyonitoka kwanza, na yalikuwa kweli, ila yeye amesikia kwamba sikumwita. Sina namba yake. Sijui yuko mji gani.

Niliyoyajua nimeyasema yote, nimesomewa, nayakubali.

(Sahihi) V. Tolvanen

Maoni ya ofisa: Maelezo yameandikwa nami, Sajenti P. Odegard. Shahidi ameomba tumwandikie binti yake kwenye anwani ya duka neno moja: aje. Nimemweleza kwamba ujumbe huo utasomwa na mtuhumiwa peke yake. Amesema anajua, lakini huyo ndiye pekee mwenye anwani ya Annika, tuutume.