Papa Asimwone Alute

Jumatano, 2 Oktoba 1957

Barua ya Alute imefika! Dereva wa lori aliiacha misheni, nikaifuata kwa miguu. Nimeisoma njiani, nimekaa chini mara mbili. Kusoma mwandiko wake kwangu ni herufi moja moja, kama kuchambua mawe kwenye mtama.

Hajambo. Yuko kisiwa cha Mafia na yule bwana wake. Mimi nilijua kazi yake ni mashine tu — ile ya kujaza hewa kwenye mitungi ya chuma. Si ndiyo sababu bwana alimchukua pale Shelui, alipomtengenezea gari? Kumbe sasa anazama naye! Anasema haruhusiwi mtu kuzama peke yake, lazima wawe wawili, na mzungu mwenzake bwana amerudi Ulaya na homa. Wanafunga mtungi mgongoni, wanauma mpira, wanavuta hewa huko chini kama watu waliokaa uani. Wanamtafuta papa. Bwana anataka kumpiga picha akiwa hai. Wameshaona mkia mmoja, ukapotea gizani.

Anasema samaki wadogo wanapita kwa makundi kama ndege kwelea kwenye uwele, ila hakuna anayewafukuza.

Mwanangu. Kuogelea kwenyewe alijifunzia kwenye lambo la ng'ombe.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimeamka kabla ya jogoo. Nimefanya kama nilivyomfanyia alipoanza kuchunga porini. Maji mdomoni, unga wa uwele kidogo, nikasimama kwenye njia ya kwenda Manyoni, kwenye treni ya pwani, nikapuliza mara tatu. Wakati ule nilisema, fisi asikuone, nawe usimwone. Leo nimesema, papa asikuone, nawe usimwone. Nimesema kwa Kinyaturu, halafu kwa Kiswahili, maana yule ni wa pwani.

Padre asijue.

Moyo umetulia.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimesinzia kanisani! Nimeota nyumba yetu iko chini ya maji. Maji meupe, mwanga unaingia kama kwenye matundu ya paa. Moshi wa jiko ulipanda juu kwa mapovu mapovu. Alute akapita juu ya nyumba, polepole, mikono ameiachia, mtungi mgongoni. Nikamwambia shuka baba, ugali unapoa. Akaonyesha mdomo wake — ule mpira. Hawezi kujibu. Lakini macho yalikuwa yanacheka.

Nikaamshwa watu wanapiga magoti.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemwona papa. Gulioni Issuna, kwa Idrissa, anayeuza chumvi na samaki wakavu. Kipande kama ubao wa mlango, kigumu, kinanuka. Nikakigusa kwa kidole kimoja.

Idrissa akasema, Mama Alute usiogope, huyu kashasahau kuuma! Nikamwuliza, akiwa mzima ana ukubwa gani? Akanyoosha mikono yote miwili. Akasema ongeza na yule mbuzi pale. Kisha akasema, haya, ongeza na mwenye mbuzi. Watu wakacheka, mwenye mbuzi akamtukana. Na mimi nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya kibanda nikashika mti.

Kidole kimenuka mpaka jioni. Sikukinawa. Sijui kwa nini.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakuna barua. Vumbi. Mvua bado.

Nilikuwa napepeta, kivuli cha tai kikapita uani, nikainama! Mama mkwe akauliza, unamwamkia nani? Sikumwambia. Siku hizi nikitazama juu naona kama sisi ndio tuko chini kabisa, na mawingu ni matumbo ya mashua. Tunatembea huku chini taratibu. Tunavuta hewa yetu. Nani anatutafuta?

Jumatatu, 21 Oktoba

Barua ya pili. Nimeisoma mara tatu ili nione kama nimekosea. Sijakosea.

Anasema, mama, leo siku ya kumi na moja tunazama na hata ule mkia hatujauona tena. Wavuvi wanashangaa. Zamani papa walikata nyavu zao kila wiki, sasa kama wameambiwa wahame. Bwana hataki kusikia. Kaapa haondoki bila picha. Kwa hiyo kila siku wanashuka chini zaidi. Walianza futi arobaini, sasa mia na zaidi. Na kadiri unavyoshuka, anasema, hewa ya mtungi inaisha upesi. Juzi alipanda juu akakuta damu kwenye miwani ya maji. Ya puani tu, mama, usiogope.

Usiogope!

Mwisho kaandika: "Niombee tumwone, mama. Bwana akipata picha siku hiyo hiyo ananipa ruhusa, naja nyumbani."

Kaandika tarehe kumi na tatu. Nimehesabu kwa vidole, kurudi nyuma siku kumi na moja. Tarehe tatu. Ile asubuhi yangu ya maji na unga.

Ee Mungu wangu. Papa wamesikia.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeshindwa kunyamaza. Nimemwambia mama mkwe yote. Akaweka ungo chini.

"Wewe mtoto wa watu! Mchungaji fisi asipomwona, jioni anarudi na ng'ombe. Huyu wako amekwenda kumtafuta fisi mwenyewe. Asipomwona atarudi lini?"



Nikamwuliza, sasa mama nifanye nini? Akasema neno likishatoka halirudishwi, linafuatwa na lingine. Nimwite huyo papa. Kama anavyoitwa ng'ombe aliyepotea — jioni, mlangoni mwa zizi, mara tatu. Mara ya kwanza jina lake. Ya pili rangi yake. Ya tatu, jina la anayemngoja.

"Mama! Nimwite mnyama yule amjie mwanangu?"

"Basi mwache aendelee kushuka."

Akachukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Jumatano, 23 Oktoba

Naandika nimesimama, daftari juu ya kilindo cha nafaka. Upesi upesi.

Nimeita mara ya kwanza. Sauti ilitoka ile ile ya kuitia ng'ombe, sina nyingine. Ng'ombe wote wakainua vichwa! Yule mtamba mwekundu akaja mbio mpaka kwangu, akanilamba mkono. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. "Siyo nyie, rudini!" Nami nikacheka, machozi yanatoka.

Akasema, ita tena, na safari hii ita kama mtu anayetaka.

Nimeita mara ya pili. Wa kijivu, njoo. Wa kijivu wa maji, njoo. Ng'ombe hawakugeuka hata mmoja. Mama mkwe hakucheka. Nikajisikia nimesikiwa.

Imebaki ya tatu, jina la mwanangu. Nimemwambia mama mkwe subiri, baridi, nachukua kanga ndani.

Na kama Alute amekwisha kumwona? Kama jana alimwona, sasa hivi yuko kwenye treni anakula karanga, na mimi namwita wa nini? Na kama hajamwona, kesho asubuhi wanashuka tena.

"Mama Alute! Jua linazama!"

Naja mama.

"Umelala huko?"

Naja. Natafuta kanga.

Kanga nimejifunga. Bado natafuta.