Moto Nimeufukia

Njombe, 14 Januari 1957

Mama,

Lori la Makambako limekwisha kupiga honi, naandika mbio. Uji umo chunguni, ni wako. Mdogo wangu Nahumu ameshakunywa, asikudanganye. Kuku nimewafungulia.

Kuhusu asubuhi. Kile kibiriti nilichokisifia nilikilaza dirishani, ukungu ukaingia, vijiti vyote vikamomonyoka vichwa. Na makaa uliyoyafukia majivuni jana niliyamwagia maji mwenyewe, nikakwambia shuleni tumefundishwa kuwa kufukia moto ni ushamba. Hatukufundishwa. Nilijitungia. Wewe ukasema tu, "Haya, msomi," na leo umekwenda shamba na tumbo tupu.

Ulipoondoka nikaenda kwa Mama Efraimu kuomba moto. Akashtuka, "Kwenu kuna msiba?" maana hajawahi kuona nyumba yetu ikiomba moto. Nikamwambia ~~kibiriti kilikuwa kibovu~~ nimeuzima mimi. Akanipa makaa mawili juu ya kigae, nikaja nayo polepole kama nimebeba mayai.

Moto nimeufukia unavyoufukia wewe. Kibiriti nimekandamizia karatasi hii isipeperuke. Kazi hiyo kinaiweza.

Bintiyo ~~msomi~~
Idda