Mguu Ukae Ndani

Ishiara,
3 Februari 2025

Mwanangu Nyamu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini uko mzima huko Meru. Mimi niko salama, ni magoti tu yanayonikumbusha umri kila asubuhi. Ndengu tumevuna. Si nyingi, lakini tutakula. Yule mbuzi mwekundu amezaa pacha.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Zahanati imepewa pikipiki ya sisi wahudumu wa afya wa vijijini. Tuko wanawake watano na hakuna hata mmoja anayejua kuendesha. Nelius, mwenyekiti wetu, akauliza nani atajifunza. Wote wakaangalia chini. Mimi nilikuwa nikimfikiria Mzee Ndambiri, yule wa ng'ambo ya mlima, anayekunywa dawa za kifua kikuu. Ni miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kumfikia kwa miguu ni saa tatu. Nilijikuta nimeinua mkono.

Cheka tu. Nina miaka hamsini na sita.

Muchangi, dereva wa zahanati, amenifundisha mara mbili. Kazi yake ni kupiga kelele: "Mama Nyamu, kaa vizuri! Mguu! Mguu!" Mguu upi, na uende wapi, hasemi. Naenda nikiburuta yote miwili chini kama kuku aliyefungwa kamba. Kiatu cha kushoto kimekwisha soli.

Wewe umeendesha miaka mingi. Nifundishe. Usipige simu, siku hizi kwenye simu una haraka, na maneno ya simu yakiisha yamepotea. Niandikie kwa karatasi niibandike ukutani. Tuma kwa duka la Kananu hapa stendi, itanifikia.

Ni mimi mama yako,
Wanjira


Majengo, Meru,
17 Februari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia habari za pacha. Mimi Mungu ananiweka. Nilimsomea Mama Jawahir, mwenye nyumba wangu, akacheka hadi akashika mlango. Halafu akafuta macho akasema, "Usimcheke, wewe. Mfundishe."

Basi sikiliza. Usianze na miguu, anza na macho. Ukiangalia gurudumu la mbele, utaanguka hapo hapo unapoangalia. Tazama mbali, pale unapotaka kufika. Mgongo unyooke lakini usikauke. Viwiko vikunje kidogo, kama unabeba mtoto wa mtu. Mikono isibane usukani, ya kubana ni magoti. Magoti yashike tangi, pande zote mbili, hata kama unaona haya. Pikipiki inataka kujua kwamba uko.

Sasa miguu. Kuna vyuma viwili vya kukanyagia, kimoja kila upande. Usiweke kisigino pale. Weka pale penye unene, nyuma ya vidole. Vidole vitazame mbele, visining'inie chini, maana jiwe likivishika vitarudi nyuma na wewe pamoja navyo. Mguu wa kulia ukae karibu na breki, wa kushoto karibu na gea. Usitoe mguu nje. Pikipiki ikishaanza kutembea haihitaji miguu yako chini. Inasimama yenyewe kwa mwendo. Ukiogopa, usitoe mguu nje. Ukiyumba, usitoe mguu nje, ongeza mafuta kidogo itanyooka.

Ukitaka kusimama, shusha wa kushoto peke yake, wa kulia ubaki juu ya breki. Penye mashimo usikae kama gunia. Inuka kidogo juu ya vile vyuma, ukunje magoti, yenyewe ndiyo yatameza shimo.

Na uvae gambuti. Usipande na ndara, tafadhali.

Mimi sibebi abiria tena. Nashona viti vya pikipiki hapa kwenye baraza ya Mama Jawahir, kwa cherehani yake. Ni kazi nzuri, haina jua.

Mguu ukae ndani, Mama.

Mwanao,
Nyamu


Ishiara,
9 Machi 2025

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Huku mawingu yameanza kukusanyika lakini mvua bado.

Nimeanguka. Usishtuke, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa kwenye mchanga wa ule mto mkavu. Gurudumu likaanza kucheza, nikasahau karatasi yako yote, nikatoa miguu miwili nje kama mtu anayeruka ukuta. Pikipiki ikaenda kwake, mimi nikaenda kwenye ua wa miiba wa Nelius. Akatoka na mwiko mkononi, "Wanjira, si ungepitia langoni?" Tukacheka hadi tukalia, halafu akanitoa miiba.

Siku ya pili nilirudi kwenye mchanga ule ule. Nikatazama mti ulio ng'ambo, nikabana magoti, nikaacha miguu pale uliposema. Ikacheza, ikacheza, halafu ikanyooka. Nyamu! Nilipiga kelele peke yangu kama msichana.

Nimevaa suruali ya marehemu baba yako. Nimekunja pindo mara mbili na inanikaa. Mzee Ndambiri nimemfikia kwa dakika arobaini. Alidhani nimekuja kumkamata.

Sasa nina maswali. Nikibeba mtu, mimi nikaeje na yeye akaeje? Na la pili: nimeomba kufanya mtihani wa leseni mwisho wa mwezi huu. Nikipita, Pasaka nakuja Meru. Krismasi mbili hujaja nyumbani, basi mlima ukikataa kuja, mimi nitaupanda.

Mama yako,
Wanjira


Majengo,
20 Machi 2025

Mama,

Salamu. Pole kwa kuanguka.

Abiria akae akitazama mbele, mguu huku na mguu huku, si upande upande. Akikataa, basi atembee. Akushike kiunoni. Ukilala kona alale nawe, asijifanye mlingoti. Miguu yake aiweke kwenye vyuma vya nyuma, na hata ukisimama asiishushe. Mwambie asitoe mguu nje.

Pasaka usije. Mvua itakuwa kubwa na mimi nitakuwa na kazi nyingi. Nitakutembelea nikipata nafasi.

Mwanao,
Nyamu


Ishiara,
2 Aprili 2025

Nyamu mwanangu,

Natumaini hii inakukuta salama. Leseni nimepata. Muchangi alinunua soda akagawia zahanati nzima, utadhani ni yeye aliyefanya mtihani.

Barua yako ya mwisho ilinifikia. Ilikuwa fupi, nikaisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Wiki iliyopita nilimbeba Ednah, mke wa mwalimu, uchungu ukiwa umemshika. Alikaa vile ulivyosema. Kila tumbo likikaza alinibana kiuno hadi nikakosa pumzi, lakini miguu yake haikutoka kwenye vile vyuma hata mara moja. Tulifika. Ni msichana.

Tukiwa njiani kijana mmoja wa bodaboda alitupita, mguu wa kulia ameunyoosha nje, anamsalimia mwenzake. Moyo wangu ukaruka, sijui kwa nini. Nilipofika nyumbani nikasimama mbele ya karatasi yako ukutani. Umeandika "usitoe mguu nje" mara tatu, na mwisho ukaandika mguu ukae ndani. Katika barua fupi hukuwa na nafasi ya kuniuliza hali, lakini hilo ulipata nafasi ya kuliandika.

Mtoto wangu, mimi nimekuzaa. Unashona viti wewe uliyekuwa huwezi kukaa mahali hata dakika kumi. Mguu una nini?

Pasaka sitakuja, kama umekataa. Lakini nijibu.

Mama yako,
Wanjira


Majengo,
28 Aprili 2025

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara tano.

Mguu wa kulia haupo. Wameukata chini ya goti. Ilikuwa Novemba ya mwaka 2023. Nilikuwa nimepeleka abiria Kianjai, narudi Meru peke yangu mchana, barabara kavu, sina hata sababu ya kusingizia. Nikaona mwenzangu anakuja upande ule mwingine. Sisi tunasalimiana kwa mguu, unaunyoosha kidogo kama mtu anayeinua kofia. Nikaunyoosha. Sikuangalia nyuma. Kulikuwa na lori linanipita.

Sikuanguka hata. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Nilikuwa nimebana magoti vizuri, mgongo umenyooka, kila kitu mahali pake isipokuwa kimoja.

Nilikaa hospitali wiki saba. Mohamednoor, ndugu yake Mama Jawahir, ndiye aliyekuwa akileta chakula. Kila siku walisema wakupigie simu, nikawakataza. Sasa nina mguu wa bandia. Natembea. Ukiniona kwa mbali nimevaa suruali ndefu huwezi kujua.

Unakumbuka Krismasi ile ya mwisho nilipokuja na pikipiki? Tukiwa langoni ulisema, "Siku moja hicho kitu kitafanya niletewe maiti. Siku hiyo usiletwe hapa." Najua ulikuwa na hasira. Lakini pale wodini maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yanalala nami. Nilijiambia, mimi si maiti, lakini yule mtoto aliyetoka langoni pia si mimi tena. Sasa nitapita langoni nikiwa nani?

Basi umejua. Usilie sana.

Mwanao,
Nyamu


Majengo,
26 Mei 2025

Mama mpendwa,

Natumaini hujambo, na kwamba ile homa ya Nelius imepungua. Mimi nilifika salama jana. Mama Jawahir ameshukuru kwa asali, na anasema nimenenepa.

Zile wiki mbili nyumbani tulizungumza mengi, lakini la siku uliyokuja sikuweza kulisema mbele yako. Nalisema hapa.

Sikupata jibu la barua yangu. Siku ya kwanza nilijiambia haijafika. Siku ya tano nilijiambia imefika. Jumapili ile nilikuwa kwenye baraza, nashona, nikasikia pikipiki inakuja polepole kutoka upande wa msikiti, inabadilisha gea kwa adabu sana. Sikuinua kichwa. Mama Jawahir ndiye aliyesema, "Nyamu, huyu mama ana vumbi la nchi nzima."

Nikakuona. Suruali ya Baba, gambuti, mgongo umenyooka. Ulisimama, ukashusha mguu wa kushoto, wa kulia ukabaki juu ya breki. Halafu nikaona una helmeti mbili, moja kichwani na moja umeifunga nyuma kwa mpira. Hapo ndipo nilipojua ulichokuja kufanya, hata kabla hujafungua mdomo.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Nilikuwa na majibu ya kila neno. Wewe ukaketi kwenye kigoda, ukaniambia, "Nionyeshe." Mbele ya watu, mchana. Nikakunja suruali. Ukaushika pale unapoishia, kwa mikono miwili. Halafu ukauliza, "Unauma?"

Nikasema, "Asubuhi tu."

Ukasema, "Basi tutaondoka mchana."

Mama, sikuwa nimepanda pikipiki tangu siku ile. Nilitetemeka hadi nikaona haya. Mguu wa bandia hausikii chuma. Niliuweka, ukateleza. Nikauweka tena, ukateleza. Mohamednoor alitaka kuja kunisaidia, ukamzuia kwa mkono. Ukashuka, ukapiga magoti kwenye vumbi la Majengo, ukaushika huo mguu wa plastiki, ukauweka wewe mwenyewe, ukausukuma hadi ukakaa. Ukasema, "Hapo. Huusikii wewe, lakini mimi nimeuona." Tulipopita Mitunguu, katikati ya migomba, ndipo nilipogundua kwamba nimeacha kutetemeka. Kule Chiakariga nililala kidogo mgongoni mwako. Sijui kama ulijua.

Langoni nilitaka kushuka nitembee. Wewe hukupunguza mwendo. Ulipita moja kwa moja hadi mlangoni.

Lile ombi la kikundi chenu, kwamba nije niwafundishe kuendesha, nimelifikiria. Nitakuja Jumamosi ya pili ya Juni, nikae wiki nzima. Siwezi kuonyesha kwa kuendesha, lakini nina mdomo, na nina macho ya kuona mguu uliokaa vibaya. Waambie wanawake wanne hao nitawachosha.

Mwanao,
Nyamu


Ishiara,
2 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Nelius amepona. Mzee Ndambiri amemaliza dawa zake zote, na wamempima hana kitu. Ametuma jogoo.

Ulisema kwa barua uliyoshindwa kusema kwa mdomo, basi na mimi niseme. Yale ya langoni niliyasema kwa sababu wewe ulikuwa unacheka juu ya ile pikipiki na mimi nilikuwa naogopa. Uoga wangu haukujua njia nyingine ya kutoka. Barua yako ilipofika nilikaa jikoni hadi moto ukazima. Nilichokuwa nalilia si mguu, Nyamu. Nililia wiki saba ulizolala pale ukidhani huna kwenu. Niliandika majibu matatu, nikayachoma, nikaona njia ni fupi kuliko maneno.

Nisamehe mama yako.

Na nilijua umelala. Nilipunguza mwendo.

Njoo Jumamosi hiyo. Mwenye duka, Kananu, amejiandikisha pia, na mke wa mchungaji, na dada yake. Nilikuambia wanne. Wamekuwa saba.

Mama yako anayekupenda,
Wanjira