Usilete Gari Hiyo Desemba

Masimba,
Jumapili

Kwa mwanangu Josiah,

Nakusalimu wewe na Ruth na watoto huko Mombasa, nikiamini joto halijawamaliza. Mama yako Drusilla ni mzima, ng'ombe amezaa ndama dume, na mvua inanyesha vile inataka. Barua hii inaletwa na Mokeira, msichana wa jirani yetu Makori. Mpe chai. Usicheke mwandiko. Niliacha shule darasa la tatu, na bado hakuna mzee wa rika yangu hapa anayenishinda kusoma Biblia kwa sauti.

Uliniuliza kwa simu kwa nini nakataa gari unayotaka kuniletea Desemba, nikasema mtandao ni mbaya nikakata. Mtandao ulikuwa sawa. Kuna mambo mdomo wangu umekataa kusema, ndio nikaomba mama yako karatasi.

Unajua nilikuwa mtu wa nguvu. Nilibeba gunia la majani chai mpaka kituo cha kupimia nikipita vijana wamekaa kando wakihema. Uliza yeyote. Lakini uliposoma ukapata kazi, nilisema imetosha. Omogaka, mzee mzima ambaye mtoto wake anakula mshahara, hawezi kuonekana na kikapu mgongoni. Ukaleta kile kiti cha sofa, nikakaa. Chai ikachumwa na vibarua. Uji, redio, maji ya kunawa, vyote vikanifuata hapo. Hata kanisani nilienda na pikipiki, na ukisimama mlangoni kwetu unaona bati la kanisa. Tumbo likatoka. Watu wakasema nimenawiri, nikawaambia hiyo ni kazi ya Josiah.

Mama yako hakunyamaza. Alisema hata kuku anayelalia mayai huamka akanywe maji. Nikamwambia aende akaongee na hao kuku.

Mwaka jana daktari aliniambia sukari imepanda na presha pia, na kwamba kukaa ndiko kunanila. Nitembee kila siku, la sivyo miguu itaniacha. Nilimuuliza kama anajua mimi ni nani. Akajibu kwa adabu kwamba anajua, ndio sababu ananiambia. Nikarudi nyumbani na pikipiki. Si kwamba sikumwamini. Niliogopa maneno. Nikionekana barabarani kwa miguu, watu watasema Josiah amemtupa baba yake. Nilijiambia nalinda jina lako.

Sasa nikuambie lile tulilokuficha.

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali. Nilimwambia mama yako aniletee jiko la makaa hapo kwa kiti, kwa sababu jikoni kwenyewe niliona ni mbali. Nikanyoosha miguu nikisikiliza redio. Baadaye nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikamfokea mama yako kwamba anaunguza mboga. Alikuja mbio, akavuta mguu wangu kutoka kwa makaa. Soksi ilikuwa imeshikana na nyama. Mimi sikuwa nimesikia maumivu hata kidogo. Nilikuwa naungua huku namgombeza mtu.

Kidonda kilikataa kupona. Hospitalini wakanikata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Ile siku ulipiga simu ya picha nikakuambia nimepumzika, nilikuwa kwa kitanda cha hospitali, na mama yako alishika shuka nyuma ya kichwa changu ndio usione ukuta. Usimlaumu. Mimi ndiye nilimwamuru, na simu ilipokatika alilia sana.

Kidonda kimefunga. Mguu wa kulia bado uko mzima, na daktari anasema tunaweza kuuokoa nikiacha ukaidi. Amenionyesha viatu vipana vya kuvaa, na mama yako ananikagua nyayo kila jioni kama anayechambua mchele. Asubuhi tunaenda naye shambani polepole. Ananiacha nyuma, halafu anajifanya anafunga leso ndio nimfikie. Makori alinikuta hapo akauliza kama pikipiki imekosa mafuta ama mtoto amekosa kazi. Mimi wa zamani ningemjibu mpaka alale bila kula. Nilimwomba tu anipishe, kwa sababu pumzi ya kumjibu sikuwa nayo.

Vidole nimesamehe. Kinachoniuma ni ile miaka nilikuwa na miguu mizima, nikaiweka kwa kiti ndio watu wakuone wewe ni mtoto mzuri. Mlipokuja mwaka juzi, Bosibori wako mdogo alimuuliza nyanya yake kama babu anaweza kusimama. Sote tulicheka. Mimi nilicheka kushinda wote.

Kwa hivyo, baba, gari usilete. Ikilala hapo nje, najijua, nitaipanda hata kwenda chooni. Mkifika steji ya Masimba nipigieni, halafu mningoje. Nitakuja kuwapokea kwa miguu yangu. Nitachelewa. Watu watakuuliza kwa nini unaacha mzee wako ahangaike barabarani na wewe una pesa, na itakuwa aibu kwako. Nakuomba uivumilie kwa ajili yangu. Usinitumie pikipiki. Na huyo Bosibori msimamishe mbele, aone barabara vizuri.

Mama yako anawasalimu wote, anasema mle vizuri na mpige simu Sabato jioni. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi baba yako mzazi,
Nyamongo