Pongo Aliyekamatwa na Bosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kibondo
Jina: Mwanaheri Isihaka
Umri: miaka 22
Kabila: Muha
Dini: Mwislamu
Elimu: kidato cha nne
Kazi: fundi cherehani na mkulima
Makazi: Murungu, Wilaya ya Kibondo. Kwa wazazi ni Kasulu mjini.
Tarehe na muda: 5 Februari 2025, saa 4:20 asubuhi
Mwandishi: Koplo Esteri

Mimi ni mtajwa hapo juu. Naishi Murungu na mume wangu Saady Niyubahwe, fundi pikipiki, ambaye tulifunga naye ndoa tarehe 11 Januari mwaka huu. Leo ni siku ya ishirini na tano. Koplo ameniambia hesabu ya siku haihitajiki, lakini nimeomba ibaki, kwa sababu jana ndiyo mara ya kwanza tangu ndoa yetu kulala bila yeye, naye amelala humu kituoni, mahabusu.

Nimeelezwa kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Nimeelewa. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na siyatoi dhidi yake.

Saady alisilimu mwaka jana kabla ya kunioa. Baba yangu, Mzee Isihaka, anauza vitenge Kasulu, na aliniozesha shingo upande. Alipanga kuja leo Jumatano kula kwetu kwa mara ya kwanza. Siku ya posa alisema mbele ya wajomba zangu, "Huyu nitamwona siku nitakapokula kwake. Sijui hata kama anaweza kuchinja kuku." Wote walicheka, na Saady alicheka pia, lakini neno lile lilimkaa. Tangu tuoane amechinja kuku wanne, na kila mara huniuliza, "Mke wangu, nimepatia?" Nami humwambia amepatia, hata alipokosea.

Nyumbani tuna mbwa mmoja, dume wa rangi ya kahawia, anaitwa Bosi. Saady alimlea tangu kabla ya kusilimu. Kwetu Kasulu mbwa hakanyagi hata uani, kwa hiyo Saady alimjengea banda mbali, nyuma ya choo, na akimshika ananawa mpaka viwiko ndipo anisogelee. Sijamwomba. Ndivyo alivyo.

Mnamo tarehe 4 Februari 2025, saa 12:40 asubuhi, mimi na Saady tulikwenda kwenye jaruba letu bondeni kupandikiza mpunga. Tulikuwa tumelivuruga tangu juzi yake na tope lilikuwa laini, linafika mapajani. Bosi alitufuata. Saady alinibeba mgongoni kuvuka mfereji ili nisilowane. Koplo ameniambia nirudi kwa mnyama. Ninarudi.

Saa 2:15 hivi pongo alitoka kwenye matete ya upande wa mto. Alikuwa dume mzima, pembe zimejisokota, manyoya yanang'aa, madoa meupe ubavuni. Hakuchechemea na hakuwa na kidonda wala waya mguuni. Nalisema hili nikijua kwamba lingekuwa rahisi kwetu kama ningesema alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzuri mpaka nilimshika Saady mkono bila kujua.

Bosi alimfukuza. Kwenye ardhi kavu mbwa hakumweza, na hilo pia nalisema. Pongo aligeuka mara moja tu, akamtupa Bosi kwa pembe, na Bosi akalia kama mtoto. Saady alipiga kelele, "Bosi! Rudi! Achana naye!" Bosi alisimama tena, kifuani damu. Pongo aliruka tuta kwa kishindo akaangukia katikati ya jaruba letu. Kwato zake ni nyembamba. Zilizama zote nne, tope likamfika tumboni. Alijaribu kuruka tena, akazidi kuzama. Kichwa ndicho kilichobaki na nguvu.

Bosi alizunguka juu ya tuta mpaka akawa nyuma ya pembe, ndipo akamrukia shingoni. Kwanza alimng'ata sikio, kisha pua, kisha akashuka chini ya taya na hakuachia tena. Nilitoa simu nipige picha. Sikupiga, ila niliona saa: 2:22. Saady aliingia kwenye tope na mpini wa jembe akimpiga Bosi amwachie. Aliachia 2:30. Pongo hakuinua kichwa tena. Chini ya taya palikuwa na tundu, na kila alipopumua damu ilitoka na mapovu.

Hapa niliomba maji nikapewa.

Saady alisema, "Tumwache hapa hapa. Naenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, aite watu wa wanyamapori." Hayo ndiyo maneno ya mume wangu, nayarudia kama alivyoyasema.

Mimi nilisema, "Mpaka wafike atakuwa kibudu. Baba anakuja kesho. Mchinje, bado anapumua."

Aliniambia, "Mwanaheri, huyu si wetu."

Nikamwambia, "Kwani tumemwinda? Amekuja mwenyewe kwetu. Unataka baba ale dagaa?" Nilikuwa nacheka. Nilikuwa na furaha, Koplo, nilikuwa naona sura ya baba akiletewa sinia. Saady aliuliza, "Una hakika yuko hai?" Niliweka mkono ubavuni mwa mnyama. Moyo ulikuwa unadunda, kwa mbali. Nikasema yuko hai. Kisu kilikuwa kwangu, nilikuwa nakikatia kamba za mafungu ya miche. Nikampa. Alisoma Bismillah, akakata. Hakuwahi kuchinja zaidi ya kuku. Alikata juu mno, na kisu kikapita palepale kwenye tundu la meno.

Tulimbeba mpaka nyumbani kwenye saa 4:00. Mama mkwe wangu, Mama Theodosia, alitoka nje akasimama. Alisema, "Mwana wanje, mwanangu, hii ni nyama ya porini. Wameiona wangapi?" Nilimjibu, "Mama, hapa hakuna mwindaji, ni Bosi tu." Hakucheka. Alirudi ndani akafunga mlango.

Saa 9:30 alasiri walifika askari wawili wa wanyamapori. Aliyezungumza anaitwa Bwana Claude. Aliuliza nani ameua. Saady alisema ni mbwa.

"Mbwa yupi? Huyu wa makombo?"

"Huyu, afande."

"Kijana, nina miaka kumi na minane porini. Mbwa kumi, sawa. Mbwa mmoja, sungura. Pongo dume mzima mwenye afya angemtoboa kama gunia."

Saady alimwambia, "Amemtoboa. Njoo umwone." Bosi alikuwa amelala bandani na kidonda kifuani, kirefu kama kidole changu cha kati. Bwana Claude alitazama, akasema hata tawi linatoboa mbwa. Kisha waliingia kwenye karakana ya Saady wakatoka na waya tano.

"Na hizi?"

"Za klachi, afande. Mimi ni fundi pikipiki."

"Kila mtega nyama niliyemkamata alikuwa fundi pikipiki au ndugu yake." Alinyanyua kichwa cha pongo kwa pembe, akaonyesha shingo. "Na hapa? Jino la mbwa linakata mstari ulionyooka hivi?"

Bwana Claude akauliza nani mwingine alikuwepo bondeni. Saady alisema, "Nilikuwa peke yangu. Mke wangu alikuwa nyumbani anapika." Nilifungua mdomo. Aliniangalia, na jinsi alivyoniangalia nikaufunga. Walimfunga pingu, wakampandisha gari pamoja na nyama, ngozi, kichwa na zile waya. Alipokuwa garini aliniambia, "Mpigie baba asije." Nimempigia. Sikumwambia sababu.

Usiku kucha nilikuwa nawaza kunyamaza kwangu. Ndiko kulikonitoa Murungu saa 12 asubuhi leo kwa bodaboda.

Koplo amenisomea sehemu ya maelezo ya Saady. Ndani yake amesema alikuwa peke yake, na kwamba wazo la kuchinja lilikuwa lake. Si kweli. Ananipenda kupita kiasi, na hajui kudanganya. Mtu yeyote akienda jarubani ataona nyayo za watu wawili kwenye tope, zake na zangu, na mafungu ya miche kumi na mawili ambayo mtu mmoja hawezi kuyabeba.

Kuhusu waya, naomba zipimwe. Zina grisi mwanzo hadi mwisho, hazijawahi kufungwa kwenye mti. Kuhusu shingo, naomba daktari wa mifugo asitazame pale palipokatwa. Atazame pua, sikio la kushoto, na nyuma ya taya upande wa juu wa kisu. Alama za meno ya Bosi zipo. Zilinganishwe na mdomo wa Bosi.

Koplo ameniuliza: "Dada, jibu moja tu. Aliyemuua ni mbwa au ni mumeo?"

Nimefikiri sana kabla ya kujibu. Nikisema alikwisha kufa, Saady hakuua mnyama wa Serikali, lakini alitaka kumlisha baba yangu kibudu, na hilo hakulifanya. Nikisema alikuwa hai, basi kisu ndicho kilichomaliza. Alikuwa hai. Nilimshika mimi. Asingeinuka tena, mbwa alikuwa ameshamweza, lakini alikuwa hai. Jibu langu ni kwamba Bosi alimkamata akamwangusha, mume wangu alimchinja, na mimi ndiye niliyemwambia achinje, yeye akiwa anataka kwenda kwa mwenyekiti. Kisu kilitoka mkononi mwangu.

Koplo aliacha kuandika. Alisema, "Mwanaheri, unaelewa unachosema? Ulikuja hapa kama shahidi." Nimesema naelewa. Alisema ninaweza kupumzika nifikirie tena. Nimesema nimefikiria tangu jana. Naomba liandikwe kama nilivyolisema, na Saady asomewe, ajue kwamba hahitaji tena kunificha.

Hapa nafunga maelezo yangu. Nimesomewa, ni maneno yangu, sina cha kuongeza wala kupunguza.

Sahihi: M. Isihaka

Maelezo ya mwandishi: Maelezo haya nimeyaandika mimi kwa Kiswahili na kumsomea mtoa maelezo, naye amekiri kuwa sahihi na kutia sahihi mbele yangu. Yamesitishwa saa 6:10 mchana. Nimemweleza kwamba kuanzia sasa hahojiwi kama shahidi, na kwamba atachukuliwa maelezo mapya ya onyo kama mtuhumiwa. Amesema ameelewa. Nimeomba kwa maandishi daktari wa mifugo aje leo apime kichwa, ngozi na mbwa. Mtoa maelezo amekabidhi simu moja, mkufu mmoja na mtandio. Pete ya ndoa haikutoka kidoleni hata kwa sabuni. Imeandikwa na kuachwa.

Koplo Esteri
5/2/2025