Pale Palipoandikwa "Hajaoa"

Morogoro, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na mvua imefika huko Shelui. Mwanao Elia aliniambia kwamba alizeti imeota vizuri, ila mwaka huu umelima kwa jembe la mkono. Aliposema hivyo nilinyamaza, akadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Kikohozi cha Neema kimekwisha, anakwenda shule, na anaulizia mlenda wako kila akiuona wa sokoni. Anasema wa huku hauna ladha.

Nakuandikia kwa sababu simu yako anakaa nayo Elia dukani, na ukiongea anaweka sauti kubwa ili usikie. Haya sitaki wayasikie watu waliokuja kununua sukari. Soma mwenyewe polepole, nimeandika herufi kubwa.

Umeuliza mara nyingi kama tumeshahamia kwenye nyumba, na kila mara nimekujibu, "Bado kidogo mama, benki wanachelewesha." Si kweli. Benki hawakuchelewesha. Najua umeshawatangazia akina mama wa kwaya kwamba mwanao amenunua nyumba mjini, ndiyo maana nimeshindwa kukwambia mpaka leo.

Siku ya kusaini tulikwenda ofisini kwa wakili, mimi na Baba Neema. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonishonea. Tulimkuta afisa mikopo wa benki, wakili mwenyewe ambaye ni mama wa makamo, na Bi Mwanahawa, yule mjane anayetuuzia nyumba. Anahamia Kilosa kwa mwanawe. Vitu vyake alikuwa ameshavipakia kwenye kirikuu, kale kagari ka mizigo, nje: kitanda, kabati, na kuku ndani ya tenga.

Wakili akasema kabla ya sahihi lazima atusomee muhtasari wa mkopo, ili tuthibitishe kwamba kila kilichoandikwa ni kweli. Akasoma jina la mkopaji, kiasi, muda wa kulipa, na kwamba nyumba itakuwa rehani ya benki mpaka tumalize. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa tu kama niko ibadani. Halafu akasoma: "Hali ya ndoa ya mkopaji: hajaoa. Chanzo cha fedha za kianzio: akiba yake mwenyewe."

Akainua macho, akaniangalia. "Na wewe mama ni nani wake? Dada?"

Nikasema, "Mimi ni mke wake." Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliyekamatwa anaiba.

Afisa mikopo akacheka kidogo, akasema litakuwa kosa la kuchapa. Na mimi, mama, nikadakia, "Ndiyo, ni kosa la kuchapa tu." Nilimtetea mume wangu kabla sijajua namtetea kwa jambo gani. Wakili akasema, "Kosa la kuchapa ni herufi kupotea. Hapa amepotea mtu." Akaomba fomu ya kwanza, ile ambayo Baba Neema aliijaza kwa mkono alipoanza kuomba mkopo. Ilikuwa hivyohivyo. Hajaoa. Mwandiko wake naujua, ndio uliokuwa ukiniandikia barua wakati wa uchumba.

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Bi Mwanahawa akanishika mkono. "Mwanangu, wekeni sahihi. Ya ndani mtayamaliza mkishaingia ndani." Nakiri kwako kwamba nilitamani kumtii. Nilitamani tu tutoke pale watu waache kuniangalia. Lakini wakili akakataa. Alisema nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke, na kwamba yeye hawezi kugonga muhuri juu ya jambo analojua ni uongo. Makaratasi yote yarudi benki yarekebishwe, na tulete cheti cha ndoa.

Bi Mwanahawa akatoka kumwambia dereva ageuze. Nilimfuata mpaka kwake nikamsaidia kushusha vitu. Kabati lake nililibeba upande mmoja, yeye na dereva upande mwingine. Hakunisema vibaya. Alisema tu, "Pole mwanangu." Ni afadhali angenitukana.

Baba Neema alikuwa ananisubiri njiani. Tulitembea mpaka karibu na kwetu, ndipo nikamuuliza, "Kwa nini?"

Akasema kaka yake mkubwa ndiye aliyemshauri. Kwamba nyumba mtu aandike jina lake peke yake, wanawake hubadilika.

"Na wewe ukaona sawa?"

"Niliona ni karatasi tu. Tungeishi wote mle mle."

"Na maksai aliowauza mama nao ni karatasi?"

Nilimsubiri ajibu, mama, nilitaka kweli ajibu. Alikaa kwenye jiwe pembeni ya njia, mtu mzima na suti yake, akafunika uso. Watu wanapita wanasalimia. Nikaona aibu kumwacha na nikaona aibu kukaa naye. Nikakaa.

Kesho yake alikwenda benki mwenyewe na cheti chetu, akamwambia afisa kwamba aliandika uongo. Siku iliyofuata tukaitwa wote wawili. Sasa imeandikwa ameoa, jina langu limeingia, na hati itatoka kwa majina yetu mawili. Nilidhani nitafurahi. Nilijisikia kama mtu aliyeombewa kiti kwenye nyumba yake.

Halafu afisa akauliza kianzio kilitoka wapi hasa. Nikasema sehemu ni akiba ya mume wangu, na sehemu mama yangu aliuza maksai wake wawili wa kulimia. Akauliza, "Alitoa zawadi au aliwakopesha?"

Hukuwahi kusema ni zawadi, wala hukusema ni deni. Ulisema tu, "Mwanangu asizeekee kwenye nyumba ya watu." Na mimi sikukuuliza. Nilipokea.

Kwa hiyo kuna karatasi mbili ndani ya bahasha hii. Moja inasema ulitupa zawadi na huna dai lolote kwenye nyumba. Nyingine inasema tunadaiwa na wewe, na benki itapiga hesabu upya. Saini moja tu, ile iliyo kweli moyoni mwako. Usisaini ya zawadi kwa kunihurumia. Ukisema ni deni, tutalipa hata kama tutaendelea kukaa kwenye hiki chumba cha kupanga. Bi Mwanahawa amekubali kusubiri. Na ukiona hutaki kusaini yoyote, mama, zirudishe tupu. Sitakuuliza kwa nini.

Nisalimie Elia na mkewe, na shangazi anayekuchotea maji goti likikuzidi. Msalimie jirani aliyekuazima mbegu, na mama mchungaji aliyetupa mafunzo ya ndoa. Huyo msalimie tu, usimwambie habari hizi.

Barua hii utakabidhiwa na Baba Neema mwenyewe. Alitaka kumpa kondakta wa basi la Mwanza aishushe hapo Shelui, nikamwambia hapana, ataipeleka kwa mkono wake. Nimemsomea yote. Aliniomba nifute habari ya kukaa kwenye jiwe, sikuifuta. Najua unampenda kuliko hata Elia, na najua utataka kumchinjia kuku. Mchinjie, amesafiri mbali. Lakini usimsaidie maneno.

Jana alipokuwa anafunga begi aliniuliza, "Nikifika nitamwambia nini mama?"

Nikamwambia, "Anza na shikamoo. Mengine atakuuliza mwenyewe."

Binti yako,
Rehema